Homa ya Jongoo Bahari

Juzi, katika duka moja la Kariakoo, niliona gunia la majongoo bahari waliokaushwa, wembamba kama vidole vya mtoto. Harufu yao ya moshi na chumvi ikanirudisha uani kwetu Gerezani, mchana ule sufuria ilipokuwa ikitokota na shangazi akiwatoa majongoo ndooni.

Kila mmoja alimlaza juu ya kiganja, akamtazama, ndipo akamtia kwenye maji ya moto. Nilidhani anawapima homa, maana hata sisi watoto alitupima kwa kiganja hicho hicho. Mmoja, mdogo, akamrudisha ndooni.

"Huyu vipi, shangazi?"

"Huyu bado. Sikumtazama vizuri kule pwani. Twende tukamrudishe."

Tukaenda mpaka feri, ndoo kichwani mwake, lami ikituchoma nyayo. Wauza samaki walicheka.

"Mama wee, na jongoo naye anasindikizwa?"

Shangazi hakuwajali. Aliingia majini mpaka magotini, akamwachia taratibu. Nami nikamwambia jongoo, "Ugua pole."

Siku hizi najua kwamba alikuwa akipima urefu. Asiyejaza kiganja hajazaa bado. Ukimchemsha huyo, umechemsha na wanawe.

Basi pale dukani nilichukua mmoja, nikamlaza kiganjani. Wakikauka husinyaa, najua, lakini huyu hata kidole hakukijaza.

"Unapima nini, bibi?" kijana muuzaji akaniuliza.

"Homa, mjukuu wangu."