Kadi Yangu Ndani ya Bahasha ya Posa

Nilikuwa nimeamua jambo hili liishie kwangu, lakini kwa kuwa Skola mwenyewe hulisimulia kila anapopata wageni, na hulisimulia kwa kuongeza chumvi (hakuna aliyezimia siku ile, shangazi yake alinyanyua miguu tu), nimeona afadhali mlisikie kutoka kwa mwenye aibu yake. Ndiyo, ni mimi. Mshenga wa kadi ndiye huyu.

Mimi nauza makoti ya mitumba pale Makambako, na mnajua koti la mitumba lina mifuko, na mfuko una mambo. Nimeshakuta tiketi za treni za nchi nisizozijua, glovu moja isiyo na mwenzake, hata jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi laini. Wenzangu wakikuta vitu hivyo hutupa. Mimi siwezi, nimezaliwa nikitaka kujua, mama yangu alikuwa akinituma chumvi dukani narudi na habari za mwenye duka. Sasa siku moja kwenye belo la makoti ya watoto nikakuta kifurushi cha kadi kimefungwa kwa mpira. Nikadhani ni karata za kawaida, nikatafuta shupaza na kopa, hakuna. Kila kadi ilikuwa na picha ya jitu, jingine lina mabawa, jingine limetengenezwa kwa mawe, na chini yake namba na maneno ya Kiingereza. Nilikaa juu ya belo nikazisoma moja baada ya nyingine, na mteja aliyeniuliza bei ya koti mara tatu akaenda kununua kwa jirani.

Kwa kuulizauliza nikaja kufahamu kwamba majitu hayo yametoka kwenye gemu la video, gemu lenyewe limetolewa sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, na likapendwa mpaka wakalitengenezea kadi za kuchezea mezani. Watu wazima huko nje wanazikusanya! Wananunua pakiti imefungwa, hawajui ndani kuna jitu gani, wanaifungua mioyo ikiwadunda. Hapo niliwaelewa mara moja, maana na sisi belo tunanunua hivyo hivyo, limefungwa, unamwomba Mungu, unakata kamba.

Kadi zilikuwa arobaini na moja. Arobaini nilizielewa kiasi changu, nikaweza hata kucheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto (wa kushoto ulishinda mara nyingi, sijui kwa nini). Ile moja ndiyo iliyonisumbua. Ilikuwa inang'aa, ukiigeuza inabadilika rangi, na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani au Kichina, yameshuka kutoka juu kwenda chini. Jitu lake lilikuwa na macho matatu na limeshika uzi mwekundu uliojizungusha vidoleni. Halikuwa na namba ya nguvu. Sasa jitu lisilo na nguvu linafanya nini mchezoni? Nilitaka kujua mpaka chakula kikawa hakipandi. Simu yangu kamera yake ilikuwa inaona ukungu tu, kwa hiyo sikuweza hata kumtumia mtu picha. Mwisho nikampata jamaa mwenye banda la gemu kule Njombe mjini, akaniambia kwenye simu, "Hilo gemu nimelicheza miaka. Niletee hiyo kadi niione. Lakini usiikunje, ikikunjika basi tena."

Sasa nije kwa Onesmo. Onesmo ni rafiki yangu tangu shule ya msingi na meza yake iko jirani na yangu (ndiye yule jirani aliyemuuzia koti mteja wangu). Kwa miaka mitatu alikuwa akimpenda Skola, binti wa Mzee Gaspari wa Mjimwema, Njombe, nyumba ya Wakatoliki walioshika dini kwelikweli. Alishapeleka posa mara moja ikarudishwa, kwa sababu mshenga aliyemtuma alipitia ulanzi, ile pombe ya mianzi, njiani na alipofika akamwita mama mkwe "mrembo". Kwa huruma ya Mzee Gaspari wakakubali kupokea barua ya pili. Ya tatu isingekuwepo, hilo tuliambiwa wazi. Ndiyo maana Onesmo alinichagua mimi.

"Wewe hunywi," aliniambia. "Nenda na Baba Mdogo wangu, yeye ndiye mzazi, wewe ndiye mdomo. Kaka, nakuomba, usiniharibie."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Asubuhi ya safari akanikabidhi bahasha. Ilikuwa bahasha nzuri, nene, ndani ameweka kipande cha boksi gumu ili barua ifike imenyooka. Nilipoliona lile boksi, jamani, nikasema hapa ndipo mahali pa kadi yangu. Tutashuka Njombe, nitaitoa, nitampitia jamaa wa gemu dakika tano, tunaendelea na posa. Nikaichomeka nyuma ya barua. Ni kitendo cha sekunde mbili.

Tulipokaa tu ndani ya Kosta ya kwenda Njombe, Baba Mdogo akanyoosha mkono. "Lete hiyo bahasha." Nikampa. Akailamba, akaifunga, akatoa stikatepu mfukoni (mtu alitembea na stikatepu!), akaizungushia, akaitia ndani ya koti lake. "Barua ya posa haiendi wazi kama risiti ya dukani," akasema, akafumba macho.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Kulikuwa na muda wa kutosha, kutoka Makambako mpaka Njombe ni safari, ningeweza kusema mara kumi. Lakini utamwambiaje mzee wa watu aliyevaa suti kwamba umeweka jitu la macho matatu kwenye barua ya mwanawe? Nilijaribu tulipofika stendi, nikasema, "Baba Mdogo, nipe niibebe mimi," naye akanijibu nimeshaibeba vya kutosha. Tukachukua bodaboda mbili, na banda la gemu nikalipita hivi hivi nikiliangalia.

Kwa Mzee Gaspari tulipokewa vizuri. Baridi ilikuwa ile ya Njombe yenyewe, kwa hiyo katikati ya sebule waliweka jiko la mkaa na mlango umeachwa wazi kidogo. Tukasalimiana, "Kamwene," "Kamwene," tukasali, tukajitambulisha. Nikasema maneno yangu, kwamba kijana wetu amekosa jiko na tumeliona humu, na nawaambia nilisema vizuri, hata shangazi yake Skola, mama mmoja mnene mwenye macho makali ambaye ndiye aliyeikataa posa ya kwanza, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Baba Mdogo akatoa bahasha, Mzee Gaspari akampa shangazi aisome yeye kwa kuwa miwani yake ilikuwa haionekani.

Shangazi akakata stikatepu kwa wembe. Akavuta barua. Kadi ikateleza, ikaanguka sakafuni, uso juu, ikang'aa mbele ya ukoo mzima.

"Yesu wangu!" Shangazi akanyanyua miguu yote miwili. "Ni nini hiki? Macho matatu! Na uzi mwekundu! Na haya maandishi ya nini? Wametuwekea dawa ndani ya barua!"

Mzee Gaspari hakupiga kelele. Aliinama, akaiangalia bila kuigusa, akaniangalia mimi. "Mshenga, kitu hiki unakijua?"

Na mimi, mtu mzima niliyevaa tai, nikasema, "Hapana, mzee."

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Baba Mdogo akaapa kwamba yeye aliikuta bahasha imeshatiwa barua, akaifunga tu. Shangazi akapiga hesabu zake hapo hapo. "Mshenga hakijui. Baba Mdogo hakijui. Basi ni huyo Onesmo mwenyewe, anataka kumfunga mtoto wetu kwa uganga! Tulimrudisha kwa mlango sasa anaingilia dirishani!"

Mlango wa jikoni ukafunguka, Skola akasimama pale na kanga begani. Hakulia. Alimwangalia baba yake, akaangalia ile kadi, na uso wake ukawa wa mtu anayejiuliza kama miaka mitatu yote alikuwa hamjui mtu aliyempenda. Nikaona aibu mpaka miguuni. Nikasimama.

"Ni yangu," nikasema. "Onesmo hajui lolote. Ni mchezo."

Hawakuamini. Kwa nini waamini, nimetoka kukana sasa hivi! Shangazi akasema nimetumwa kubeba lawama za bwana harusi. Basi ili kuthibitisha nikaingiza mkono kwenye koti nikatoa zile arobaini, nilizokuwa nimezibeba nizioneshe pia kule kwenye banda la gemu, nikazimwaga mezani, na hapo mama mmoja akaanza kusali rozari, maana badala ya jitu moja sasa yalikuwa arobaini na moja.

Aliyeniokoa ni Mzee Gaspari, na aliniokoa kwa sababu moja tu, naye alikuwa anataka kujua. Akavuta kiti. "Haya, huo mchezo unachezwaje? Nioneshe."

Nikapiga magoti juu ya mkeka na suti ya kuazima, nikamgawia kadi tano, nikajigawia tano, nikamweleza kwamba kila mmoja anatoa jitu lake na mwenye namba kubwa anamuua mwenzake.

"Wangu sitini," akasema, akiishika kadi mbali na macho.

"Wangu themanini, mzee."

"Kwa hiyo nimekufa?"

"Wewe hujafa, mzee. Amekufa huyo wako."

"Na mimi nabaki na msiba?" Watu wakaanza kucheka kidogo. "Na mwisho wa yote mshindi anapata nini?"

"Hapati kitu."

"Sasa wanauana kwa ajili gani?" Wakati natafuta jibu akatoa lile la mawe, mia na ishirini, akanimaliza. Sebule nzima ikapiga makofi. Hata Baba Mdogo alitabasamu, na mimi nikajiambia tumepona.

Shangazi hakupiga makofi. Alisubiri watulie. "Sawa," akasema kwa upole kabisa, "hizi arobaini nimekubali ni mchezo, zina namba, zina Kiingereza. Ile moja haina namba. Isome."

"Siwezi, mama. Sijui imeandikwa nini."

"Kama ni mchezo tu, ni karatasi. Na kama ni karatasi, jiko hilo hapo. Itie, tuisome barua, tuendelee."

Ndugu zangu, jambo lilikuwa limekwisha. Mama wa watu amenifungulia mlango mwenyewe, ni kunyoosha mkono tu. Niliichukua kadi, nikaigeuza, ikabadilika rangi, nikayaona yale maandishi, nikawaza kwamba nikiitia motoni sitajua kamwe lile jitu lilikuwa linafanya nini na ule uzi. Na nikasikia sauti, nikagundua ni yangu, inasema:

"Samahani, shemeji Skola, simu yako kamera yake ni nzuri? Uipige picha kwanza."

Mkaa ulilia kwenye jiko. Baba Mdogo alijifunika uso kwa viganja viwili. Mzee Gaspari, aliyekuwa ananitetea, alirudisha kiti chake nyuma taratibu.

Skola ndiye aliyesema. "Kaka," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka, "umekuja hapa kwa ajili ya Onesmo, au kwa ajili ya hiyo karatasi?"

Nikaitia motoni. Ilijikunja, ikatoa harufu ya plastiki, ikaisha. Shangazi akavaa upya sura yake ya kazi, akaisoma barua mwanzo mpaka mwisho, nayo ilikuwa barua nzuri sana, Onesmo aliandika vizuri kuliko nilivyomdhania. Wakashauriana chumbani. Wakatoka. Posa ikapokelewa, Mungu ni mwema, ila Mzee Gaspari alimwambia Baba Mdogo mbele yangu kwamba siku ya mahari waje na mshenga mwingine, na huyu aje akipenda kama mgeni, akae huko nyuma.

Tuko stendi tunasubiri gari la kurudi Makambako, simu ikaita. Onesmo. Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kumweleza, naanza na habari njema, hayo mengine nayapitisha haraka, lakini Skola alikuwa ameshamwambia yote. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana.

"Skola anasema waliposema uichome ulitaka ipigwe picha kwanza," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulijua kwamba wanasubiri? Ulijua kwamba ni mimi niko hapo mezani?"

Nikamwambia nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikuwa nimesahau, nilijua kila kitu na bado niliuliza kamera. Akasema, "Haya, karibuni mrudi salama," akakata simu, na kwa wiki nzima baada ya hapo tuliuza makoti meza kwa meza akiniita "bosi" badala ya "kaka".

Walioana. Mimi nilipewa kazi ya kugawa maji, nikagawa kwa bidii hata kwa waliokwisha kunywa. Tangu wakati huo nimeapa, mtu akinipa bahasha yake siweki kitu ndani, sichungulii, hata kama ni ankara ya umeme. Na mnaponiuliza kama sijutii kuichoma ile kadi bila kuijua, maana mnaniuliza sana, jibu langu mbele za watu ni kwamba sijutii hata kidogo. Onesmo tu ndiye asiyeniuliza.