Mwizi wa Kadi ya Televisheni

Mtaani walimwita Bwana Amri. Hakuwa mkali, ni kwamba kompyuta yake aliiendesha kwa kuiandikia amri, herufi kwa herufi, akiwacheka wote wanaobofya vipicha. Alikuwa karani mstaafu wa posta, mwaka wa tisa sasa akitumia mfumo wa kompyuta uitwao Linux, na katika nyumba ile kompyuta ndiyo pekee iliyomtii, tena siku ikiwa imeamka vizuri.

Televisheni ya sebuleni alimpa mdogo wake, nyumba ya tatu. "Ya nini dude lote lile?" alimwambia mkewe. "Nitachomeka kadi ya kunasa matangazo ndani ya kompyuta, tutatazama humo humo." Miezi mitano ikapita. Mara ikosekane programu ya kuiendesha kadi, mara picha ije bila sauti, mara sauti ije bila picha. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Aliyesema hayo hakuolewa na Bwana Amri.

Ndipo binti yao, kifungua mimba, akapangiwa kusoma taarifa ya habari ya saa saba mchana, Ijumaa, kwa mara ya kwanza maishani. Jumanne kadi ikakubali: picha safi, sauti safi. Bwana Amri alirukaruka mpaka kandambili moja ikamtoka, akaipa kompyuta maagizo ya hili na lile, kisha akawatambia wenzake mtandaoni.

Ijumaa mkewe alivaa gauni lake la kutokea, akaketi tangu saa sita na nusu. "Baba watoto, si niende tu kwa shemeji?"

"Uende kwa watu kumtazama mwanao mwenyewe? Kaa hapo."

Saa saba kamili akafungua. Kioo cheusi, na mstari mmoja wa maandishi: kadi inatumiwa na programu nyingine.

"Inatumiwa na nani?" mkewe aliuliza.

"Kuna mwizi humu!"

Akaorodhesha programu zote zilizokuwa kazini, akaikuta moja asiyoikumbuka, imeing'ang'ania kadi. Akaiua bila huruma. Kadi nayo ikazirai. Ikabidi aizime kompyuta na kuiwasha upya, nayo ikaona leo ndiyo siku ya kuikagua diski yake, asilimia moja baada ya nyingine, kama haina pa kwenda. Mkewe alikunja mikono. Ukaguzi ulipokwisha, binti yao alitokea kiooni, amependeza, akasema, "Kwaherini," akatoweka.

Hapo ndipo Bwana Amri alipoliona faili jipya. Jumanne, katika furaha zake, alikuwa ameiagiza kompyuta irekodi taarifa ile yote, wasije wakaikosa, na kadi ile haiwezi kuwatumikia wawili kwa wakati mmoja. Mwizi alikuwa yeye. Angetulia tu, angekuwa na kila neno. Sasa alikuwa na sekunde arobaini: muziki, kisha binti anainua uso, anavuta pumzi, anafungua kinywa. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka.

Simu ikalia. "Baba, mliniona?"

"Tulikuona, mwanangu. Ulianza vizuri, ukamaliza vizuri."

Mkewe aliichukua simu, huku mguu wa pili ukitafuta kiatu. "Hongera, mwanangu. Ya katikati naenda kuyaulizia kwa baba yako mdogo. Yeye ana televisheni."