Msifagie, Jamani

Wahenga walisema moto huzaa jivu, wakiwa na maana ya baba shujaa na mwana goigoi. Ndambiri, afisa wa zimamoto mjini Meru, aliyashika maneno hayo vile vile yalivyo. Kwake jivu lilikuwa mtoto halali wa moto, na mtoto ukimuuliza kwa upole atakwambia baba yake alitokea wapi.

Ndiyo maana popote palipoungua neno lake la kwanza lilikuwa, "Msifagie, jamani!" Wenzake kituoni walimpa jina la Afande Msifagie, naye hakukasirika. Alikuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Akipiga magoti kwenye majivu, mara huyo, kashatoka Meru, yuko kwao Mbeere, mwaka 1971, ananusa ndengu zilizoungua naye bado anabebwa mgongoni. Ghala la shemeji ya mama yake liliteketea. Ukoo ukasema ni mama, ametupa jivu la jikoni lenye kaa hai. Kabla jua halijatua, majivu yalikuwa yamefagiwa na kumwagwa shambani, na mama akabaki na jina: Yule Aliyechoma Ghala. Miaka arobaini na ushei analibeba. Loo, watu hawasahau la mwenzao!

Basi asubuhi moja mwaka 2014 akatumwa mtaa wa Majengo. Chumba cha Makandi, fundi wa kushona sare za shule, kiliungua jana yake mchana, mwenyewe yuko sokoni. Wenzake walikwisha kuuzima moto. Yeye alikuja kutafuta chanzo. Alimkuta Makandi ameketi juu ya jerikeni, macho mekundu.

"Ni mimi, afande," akasema hata kabla ya kuulizwa. "Ni pasi ya makaa. Nimewaza usiku kucha, sikumbuki kama niliyamwaga. Mwenye nyumba amesema nihame leo, na majirani hawataki kuniona."

Ndambiri akaingia. Masikini! Sakafu ilikuwa safi, inang'aa kwa maji. Karibu na mlango alisimama Mama Mbae, jirani wa chumba cha tatu, ufagio mkono huu na pasi mkono ule, imesuguliwa kwa mchanga hadi unajiona usoni mwake.

"Wengine wanamsema, mimi nikamwonea huruma," akasema kwa fahari. "Tenda wema nenda zako, si ndiyo?"

Hasira zilimpanda Ndambiri. Utaratibu wa kazi yake kila mtu kituoni aliujua: kitu hakiguswi hakijapigwa picha, wala hakiinuliwi hakijaandikwa kilikuwa wapi na nani amekishika. Na huyu mama, kwa huruma yake, alikuwa amemwosha shahidi! Akanusa tena zile ndengu. Akaona ufagio mwingine, wa zamani, ukipita. Akachuchumaa mbele ya Mama Mbae.

"Mama, pasi uliikuta wapi?"

"Hapa hapa mlangoni, chini. Imefungwa vizuri."

"Na ndani? Makaa? Jivu?"

"Hakuna, afande. Kulikuwa na vifungo." Akafungua pindo la leso yake. "Nilimwekea mwenyewe."

Vifungo vyeupe vya mashati, kumi na viwili. Joto lilikuwa limevikunja kingo kidogo tu, lakini vyote vilikuwa vifungo.

"Huwa navitia humo nikishamwaga makaa, pasi ikipoa," Makandi akasema, "ili visipotee..." Akashika kichwa. "Nilimwaga! Uwi, nilimwaga!" Akalia kwa sauti mbele ya wote.

"Plastiki na kaa la moto havilali nyumba moja," Ndambiri akasema. Ukutani, ambako ufagio haukufika, weusi ulianza mwembamba chini ukapanuka kwenda juu, na ncha yake, pale moto ulipoanzia, iliangukia soketi ambayo nyaya zake ziliungwa kwa selotepu. Akapiga picha. Vifungo akavitia kwenye mkebe wenye kifuniko, akaandika saa na mahali, na Mama Mbae akatia kidole gumba. Makandi hakuhama.

Jumamosi aliteremka Mbeere, akamsimulia mama yake kisa hicho chote. Mama alikuwa akichagua ndengu kwenye ungo. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Na vyangu viko wapi, hivyo vifungo?" akauliza.

Jivu lile liligeuka mahindi zamani, na waliomsingizia mama ndio walioyala. Ndambiri akatoa mkobani fomu ile ile ya kazini, akaijaza juu ya goti, akamsomea: "Ghala, 1971. Ushahidi: haukuhifadhiwa. Chanzo: hakikubainika. Wa kulaumiwa: hakuna." Hakuongeza chumvi hata punje. Ndivyo kazi inavyotaka: ushahidi ukipotea, hubandiki moto kwa mtu.

Mama akaweka ungo chini.

"Soma tena," akasema. "Kwa sauti, mwanangu. Shemeji yangu yuko pale ng'ambo ya ua, na siku hizi hasikii vizuri."

Ndambiri akasimama, akasoma tena.