Aliyepigwa na Radi Haguswi

Wifi yangu Nyamizi anatembea na filimbi shingoni, ile ya refa wa mpira, na ukimcheka anakupulizia sikioni. Huku bonde la Usangu, sisi Wasukuma tulishuka na ng'ombe wetu, tukakuta mpunga, tukaukalia. Tumeona mengi, lakini mwanamke mwenye filimbi bado ni kituko. Watu wakamwita Refa. Akaitika.

"Jina la Refa halijaua mtu," anasema.

Mimi ni Catherine, dada wa marehemu mume wake. Nisidanganye, alipokuja kuolewa na kaka yangu Budeba sikumpenda. Alikuwa mbishi. Ukimwambia mboga ina chumvi, ataonja mwenyewe. Ukimwambia mke hapiti mbele ya wakwe, anauliza apite wapi na mlango ni mmoja. Mama yangu Paskalina alikuwa akishika kichwa na kusema, huyu mtoto tumeletewa au tumetumiwa?

Kisha radi ikamuua Budeba.

Wakati huo mimi nilikuwa Makongolosi, huko Chunya, nimeolewa na mtu aliyependa dhahabu kuliko mimi, na dhahabu yenyewe hakuipata. Kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa. Budeba alikuwa malishoni mvua ikamkuta, akajibanza chini ya mgunga mmoja uliosimama peke yake, yeye na ng'ombe wake. Radi ikapiga mti. Ng'ombe walianguka, na yeye akaanguka.

Sasa, katika ukoo wetu aliyepigwa na radi haguswi. Haguswi na haliliwi, mpaka mtaalamu aje na dawa zake asafishe mahali pale. Tunaambiwa radi bado imo mwilini mwake, ukimshika inahamia kwako na kwa kizazi chako. Mtaalamu alikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Basi watu wakazunguka, wakasimama kwenye matope kumtazama Budeba. Nyamizi alitaka kuingia kati, mama yangu akamshika kiuno kwa nyuma, akakaza. Alimwambia, "Mwanangu, una watoto." Mtaalamu alifika kesho yake. Hapo hata dawa yenyewe haikuwa na kazi.

Baada ya msiba, baba yetu mdogo Aroni, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi, alisema mjane arithiwe na binamu fulani mwenye meno machache. Nyamizi alimjibu, "Baba, ng'ombe mgawane. Mimi nina miguu miwili, sihesabiwi humo." Akabaki na watoto wake na majaruba yake ya mpunga, analima mwenyewe, anauza mwenyewe. Ndipo mimi niliporudi kutoka Chunya na sanduku langu moja, na mtu pekee ambaye hakuniuliza nimefanya nini huko alikuwa yeye. Alinipa jembe. Tangu siku hiyo tukawa kidole na kucha.

Filimbi ilitokana na safari za Kilolo. Nyamizi alikuwa anapeleka mchele kule Iringa milimani, anarudi na viazi na maharage, na analala kwa Mhehe mmoja, Violet, muuguzi wa zahanati. Jioni moja mvua ikaja na ngurumo zake za kule juu zinazotikisa sahani kabatini. Violet akaita kila mtu aingie kwenye nyumba ya matofali, hata waliokuwa wanapika kwenye kibanda cha nyasi. Akachomoa waya wa televisheni ukutani na kuwaambia watoto wasiegemee ukuta wala kugusa bomba. Nyamizi akaona kioo kikubwa kiko wazi, akavua kitenge akifunike.

"Funika ukipenda," Violet akamwambia. "Radi haina habari na kioo. Kinachoiita ni mti mrefu, na mtu aliyesimama peke yake shambani."

Ndipo Nyamizi akamweleza habari za Budeba. Violet alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, mtu aliyepigwa na radi hana umeme wowote mwilini. Ukishapita, umepita. Mara nyingi ni moyo umesimama tu. Mnamshika hapo hapo, mnamkandamiza kifua, mnampulizia pumzi, na wengine wanarudi."

Nyamizi alirudi Usangu na viazi na hasira. Hakulia. Alikuja kwangu, akalaza gunia la pumba chini, akapiga magoti, akaanza kulikandamiza katikati kwa mikono miwili, haraka haraka, jasho linamtoka. "Na wewe," akaniambia. Nikamuuliza kama amerogwa. "Piga magoti, Catherine." Nikapiga. Kila jioni tulikuwa tunafufua pumba, na jirani zetu wanatuchungulia uani wakifa kwa kicheko.

Akanunua na filimbi. Ikisikika ngurumo, hata ile ya mbali kabisa ambayo wewe unasema ni lori, anapuliza. Ukiisikia unaacha jembe na kuingia kwenye nyumba yake ya matofali. Hujifichi chini ya mti, husogelei senyenge ya zizi, wala hukai kwenye kibanda cha shambani. Na hutoki mpaka ngurumo ya mwisho iwe imenyamaza nusu saa nzima. Wengi walikuwa wanaingia huku wanalalamika. Mdogo wetu wa mwisho, Peter, ndiye aliyekuwa akichelewa kwa makusudi.

"Refa, ongeza dakika za majeruhi!" alikuwa akipiga kelele kutoka jarubani, na watu wanacheka, na mimi nacheka. Peter ana maneno matamu, utamfanyaje.

Siku ile tulikuwa tunapandikiza mpunga, ukoo mzima. Wingu lilisimama upande wa milimani, jeusi. Filimbi ikalia, tukaingia. Peter akabaki anamalizia mstari wake. Mvua ilipomzidi akakimbia, lakini hakukimbilia nyumbani. Alikimbilia mgunga wa kwenye tuta kwa sababu ulikuwa karibu. Tulimwona dirishani. Nyamizi alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Radi ikapiga.

Tulipofungua macho, Peter alikuwa chini.

Watu walitoka, na kama mnavyojua wamefundishwa nini, walifika karibu wakasimama. Wakatengeneza duara. Mama yangu alikuwa katikati ya wanawake, mkono mdomoni, halii kwa sababu hairuhusiwi kulia. Aroni akanyoosha fimbo. "Asiguswe. Mtu aende kumwita mtaalamu."

Nyamizi alipita chini ya fimbo ile.

"Ukimgusa," Aroni akasema, "radi itahamia kwako na nyumba yako yote."

"Ihamie," Nyamizi akasema. "Nyumbani kwangu inapajua. Ilishakuja."

Akampigia magoti mdogo wangu kwenye maji, akamgeuza chali, akaweka mikono katikati ya kifua. Ngurumo bado zilikuwepo, zinasogea upande wa Chimala. Akapaza sauti bila kuinua kichwa: "Wasio na kazi hapa warudi ndani. Catherine, njoo."

Niliogopa. Lakini pale chini ni Peter, mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, midomo yake imekuwa ya bluu. Nikaenda. Yeye anakandamiza, mimi napulizia, akichoka tunabadilishana, kama kwenye gunia, isipokuwa gunia halina uso wa mama yako. Aroni alikuwa anasema maneno, siyakumbuki. Nakumbuka Nyamizi akimtukana Peter: "Amka, mpumbavu wewe, dakika zako zimeisha. Amka." Na machozi yanamtoka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Peter akakohoa.

Tulimpakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Alirudi na alama kifuani na sikio moja lisilosikia vizuri. Anasema lile la upande wa filimbi ndilo lililopona, bahati mbaya yake.

Mnadhani tulishangiliwa? Aroni aliitisha kikao cha ukoo uani kwa Nyamizi. Kondoo mweusi alikuwa amefungwa pale pale uani. Akasema Peter amepona ni sawa, tunamshukuru Mungu, lakini Nyamizi na Catherine wamegusa kisichoguswa. Wataoshwa kwa damu na dawa, na mpaka waoshwe hakuna wa kula nao, hakuna wa kuwapa mkono. Asiyetaka kuoshwa akatafute ukoo mwingine.

Nyamizi akasimama. "Mimi nimeoga asubuhi, kwa sabuni. Sioshwi tena. Na siondoki. Mume wangu amezikwa hapa, mpunga wangu umeota hapa. Kama mikono hii ni najisi, basi na Peter ni najisi, maana ndiyo iliyomrudisha. Mwambieni naye ahame."

Akaanza kuzunguka, anampa mkono kila mtu. Watu wakatazama chini. Mmoja akajifanya anafunga kandambili, ambazo hazina kamba. Mkono wa Nyamizi ulibaki hewani mbele ya kila mmoja wao, na hakuushusha. Nilikuwa na uchungu ambao sijui kuusema.

Alipofika kwa mama yangu, mama aliinuka kwa fimbo yake. Akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Siku ya Budeba nilikushika kiuno," akasema.

"Ulinishika, mama."

"Nikakaza."

"Ulikaza."

"Ningekuachia, angeamka?"

Wifi yangu hajawahi kukosa jibu.

"Sijui, mama," akasema. "Wengine hawaamki."

Mama alitikisa kichwa polepole, akamgeukia Aroni. "Shemeji, kondoo wako mrudishe zizini. Mwanangu mmoja nilimtazama mpaka akapoa, kwa sababu yenu na kwa sababu yangu. Siku radi ikinipiga mimi, nishikwe. Atakayesimama kunitazama, asije kwenye mazishi yangu."

Mbali, upande wa milimani, ikasikika ngurumo, ndogo, ile ambayo ungesema ni lori. Mama akanyoosha mkono, akaivuta filimbi kutoka shingoni kwa Nyamizi, akapuliza. Hana pumzi, ilitoka sauti nyembamba tu. Lakini watu wote waliinuka, wakabeba viti vyao wakaingia ndani, na Aroni naye. Mama alibaki mlangoni mpaka wa mwisho alipoingia, kisha Nyamizi akamshika kiuno, wakaingia pamoja.