Kompyuta Iliyoamka Ukweni

Kuna jambo ambalo nikilikumbuka nikiwa njiani peke yangu huwa naongeza mwendo, kana kwamba aibu yenyewe inanifuata kwa nyuma, na leo nimeamua kulisimulia mwenyewe kabla kaka yangu Yoramu hajawasimulia kwa namna yake (yeye huongeza chumvi, halafu ananiigiza nilivyokuwa nimekumbatia begi).

Wakati huo nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, hapa Kasulu, kwenye kompyuta mpakato kuukuu niliyoinunua kwa mtu, na kompyuta hiyo ilikuwa na ugonjwa mmoja: mara nyingine ikilala haiamki. Unaiacha kidogo ukanywe chai, yenyewe inajilaza ili kutunza chaji, kama zifanyavyo zote, ukirudi ukaigusa inakutazama giza tu, na kurasa zako ndiyo zimekwenda. Nikaipeleka kwa Rashidi, fundi mwenye kibanda karibu na soko, akasema tuipime kwanza: ataweka programu ya kuilaza na kuiamsha, kuilaza na kuiamsha, kutwa nzima, hata ikiwa imefunikwa, mpaka ijulikane ni kifaa gani hakiamki pamoja na wenzake. Kwa sababu, alinieleza, kompyuta haiamki yote kwa mkupuo. Kioo kinaweza kuamka, spika ikabaki imelala fofofo. Kwa hiyo kila ikiamka ilitakiwa itoe sauti, na Rashidi, bila kuniuliza, akachagua faili la sauti la kwanza aliloliona.

Faili hilo lilikuwa la Yoramu.

Hapa niseme kidogo kuhusu kaka yangu. Yoramu analima mihogo na ndizi kule Rungwe Mpya, ana mikono mikubwa na haya kubwa zaidi, na alikuwa anampenda Anjelina wa Kumsenga, upande wa Kibondo, kwa mapenzi yale ya mtu anayesahau kula. Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa nyumbani, alinijia nimtungie maneno ya kumwambia. Nikamtungia (mlikuwa na mwezi, mlikuwa na umande, mlikuwa na moyo unaovuja damu). Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama huyo anayevuja damu atapelekwa hospitali. Halafu akasema maneno yake mwenyewe, na mimi nikamrekodi ili ajisikilize na kujizoeza.

Sasa siku ya kipimo ikaangukia siku ya posa. Rashidi alikuwa amenionya nisikikatishe, nikikikatisha tunaanza upya, na kompyuta ilikuwa mezani kwangu tangu asubuhi ikilala na kuamka, kioo kinawaka, kioo kinazima, ila spika kimya, hata kukwaruza haikukwaruza. Nikajiambia spika imekufa, haina madhara kwa mtu. Nikaifunika, nikaitia kwenye begi ikiwa inaendelea na kazi yake, nikapanda gari na wenzangu. Huo ndio uamuzi wangu, mdogo hivyo.

Tulikuwa tumeambiwa habari za Mzee Gervasi, baba yake Anjelina. Ujumbe mmoja wa posa alishaurudisha ulikotoka kwa sababu kijana mmoja alipokea simu. Kwake mshenga akisimama anasema mshenga peke yake. Muoaji hafungui mdomo, na hakuna wa kunyanyuka mpaka neno lipokewe, maana ukitoka katikati ni sawa na kusema mmeghairi. Baba mdogo Filimoni, ambaye ndiye alikuwa mshenga wetu, alitukumbusha hayo njia nzima, kila kilima tulichopanda anayaanza upya, na Yoramu akawa anatokwa jasho huku dirisha liko wazi na sisi wengine tunatetemeka kwa baridi.

Tukafika, tukakaribishwa, tukakaa. Baba mdogo akasimama, akakohoa, akaanza taratibu na kwa madaha kwamba tumetoka Kasulu, kwamba katika boma hili tumeona ua, na begi langu likasema, "Anjelina."

Lilikuwa na sauti ya Yoramu, kubwa na safi. Watu wote wakamgeukia Yoramu, naye alikuwa ameufumba mdomo mpaka mashavu yanatuna.

"Anjelina, mimi maneno mengi sina," begi likaendelea. "Nina shamba, nina pikipiki, nina mama ambaye atakupenda. Lakini siku utakayoumwa, mimi..."

Kimya. Imelala.

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani, walikokaa wanawake, kitu kilianguka, nadhani kikombe. Baba mdogo akaendelea na ua lake kama mtu aliyesikia redio ya jirani. Mimi nikaingiza mkono kwenye begi (lilikuwa la moto kama kiazi cha majivuni), nikapapasa kitufe cha kuzimia, nikakibonyeza, bila kufikiri kwamba kompyuta iliyolala ukiibonyeza hapo haizimi. Inaamka.

"Anjelina," ikasema, sasa ikiwa imo mikononi mwangu.

Njia ya kuizima kwa nguvu ipo, unakishikilia kitufe mpaka yote inyamaze, na nakiri kwenu kwamba nilisita, kwa sababu kulikuwa na sura ya riwaya niliyoiacha wazi bila kuihifadhi (msiniulize kwa nini). Kaka yangu anapoteza mke, mimi nawaza sura. Ikasema yote tena, shamba, pikipiki, mama, mpaka siku utakayoumwa, ikalala palepale.

Mzee Gervasi akainua mkono. Baba mdogo akakaa, sentensi yake ikiwa nusu.

"Wewe wa begi," mzee akasema. "Mbona inakatia hapo hapo?"

"Inalala, baba."

"Inalala wakati mwanangu anaumwa?"

Hakuna aliyejua kama acheke. Nikajaribu kueleza habari za kipimo na spika, lakini alikuwa ameshaniacha, anamtazama Yoramu, akamuuliza kama sauti ile ni yake. Yoramu akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama bati.

"Ego," Yoramu akaitikia ndiyo, kwa Kiha, kama mtoto aliyeitwa jina lake darasani.

"Basi malizia."

Yoramu akasimama. Hakumtazama mzee, alilitazama pazia.

"Siku utakayoumwa, mimi nitakupikia. Kupika sijui vizuri, lakini sitamwita mtu. Nitapika mwenyewe."

Mzee Gervasi akapapasa goti lake kama anayepangusa vumbi lisilokuwepo.

"Mama yake nilimpikia uji mpaka alipofariki," akasema. "Ulikuwa na mabonge. Aliunywa hivyo hivyo, ananiambia mtamu."

Nyuma ya pazia mtu alicheka na kulia kwa pamoja. Mzee akatutoza kreti la soda kwa muoaji kufungua mdomo, akaagiza dude langu lipelekwe garini, kisha, akiwa bado anamtazama kaka yangu, akasema neno limepokewa.

Tukirudi, baba mdogo alilalamika mpaka Kasulu kwamba hakuna aliyemwomba amalizie hotuba yake. Yoramu, tulipokaribia mjini, aliniinamia sikioni akauliza, kwa dhati kabisa, kama uji unaanza maji au unga.

Walioana baada ya mavuno ya maharage, na shemeji Anjelina mpaka leo akinikuta naandika huniuliza kama mgonjwa wangu ameamka. Rashidi nilimwambia spika haina tatizo, inachagua tu mahali pa kuamkia. Mimi nikienda kwa watu siku hizi nazima kompyuta kabisa, nasubiri hadi kijitaa chake cha mwisho kife. Na mtu akinijia nimtungie maneno ya kumwambia mpenzi wake, namrudisha, namwambia aende akayaseme yake mwenyewe, hata kama atakwama katikati.