Ukuta Mbele ya Dirisha la Mama

Mafundi wenzake humwita Pimamaji, kwa sababu hata msibani huenda na kile chombo chake cha kupimia ulalo wa ukuta. Kwa miaka ishirini na sita amejenga kuta nyingi, na hakuna iliyopinda. Hii ya mwisho imenyooka kuliko zote, naye anaichukia.

Mama yake yuko chumba cha mbele tangu miguu ilipokataa kazi. Kitanda kinatazama dirisha, na dirisha linatazama mlima. Kila asubuhi, kabla ya chai, mama huuamkia: "Shikamoo, Babu." Moshi wa kileleni ukipanda wima, hutabasamu; ukiinamia upande wa nyumba yao, hunyamaza kutwa. Alikuwa na miaka saba mlima ulipotapika moto. Mto wa mawe yaliyoyeyuka ulimeza mashamba ya jirani, ukasimama hatua chache kabla ya ua wa wazazi wake, ukapoa na kuwa mwamba mweusi. Tangu hapo hakuna wa ukoo ule anayeunyooshea mlima kidole.

Kisha kiwanja cha mbele kikauzwa. Wenye mali walitaka hoteli ya ghorofa tatu, kila chumba kitazame mlima. Pimamaji, aliyekuwa amekaa miezi mitano bila kazi, aliikubali kazi kabla ya kuona ramani. Alipoona kamba za msingi zimepita mbele ya dirisha la mama, alimfuata msimamizi.

"Bosi, mama yangu ni mgonjwa. Jengo likisogea hatua kumi tu…"

"Wewe ni fundi au mchora ramani?"

"Fundi."

"Basi jenga. Ukiacha, getini wapo kumi. Ukuta utapanda tu, na wao wataupinda."

Vijana wa zege wakaangua kicheko.

Akajenga, kwa matofali ya kokoto nyeusi za mlima uleule. Jioni alinawa bombani mpaka vumbi litoke kwenye kucha, mama asijue, ndipo arudi nyumbani. Mama alimpa habari kama mtu aelezaye maradhi ya ndugu: "Leo wamemfunika Babu miguu." Baadaye: "Wamefika kifuani."

Siku kilele kilipopotea, mama hakugusa chakula.

"Sasa nitajuaje kama ametukasirikia?"

"Wataalamu watatangaza redioni, mama."

"Redio imezaliwa jana." Akamtazama usoni. "Umechoka, baba. Kutwa nzima juu ya jukwaa, hata kofia huvai."

"Ulikuwa unaniona?"

"Kilichokufa ni miguu, si macho."

"Mama, nisingejenga mimi, angejenga mwingine."

"Najua. Huyo mwingine ningemlaani, nikapumua." Akavuta shuka. "Nigeuzie kitanda, nitazame ukuta wa ndani. Huo alinijengea baba yako."

Akakishika kitanda upande wa miguu, akakigeuza taratibu, asimtikise.