Ruba wa Kambale

Nawajua ruba, na silisemi hilo kwa kunong'ona. Chuoni, kule pwani, wenzangu walipokimbia meza mimi nilibaki nikiwabandua ruba wa baharini kwenye ngozi ya samaki taa, nikihesabu macho na pingili zao chini ya hadubini. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya afisa uvuvi huku Ziwa Nyasa, mimi mtoto wa wakulima wa kahawa wa Maguu, sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Chiwanda, kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeuza kambale. Hakuwa na kazi nyingine. Wachuuzi kutoka Mbinga walikuwa wameanza kumkwepa, wakidai samaki wake wana minyoo inayoingia kwenye nyama na kisha ndani ya mtu. Akaniomba nije niwakague mbele ya wachuuzi wenyewe.

Nilienda kwa miadi. Kambale walikuwa wamepangwa juu ya majani ya mgomba, weusi, waking'aa. Nikawageuza, nikawachungulia mdomoni, nikatangaza kama msoma matangazo kanisani: "Hakuna ruba, hakuna mnyoo. Nunueni." Wakanunua. Nikapanda pikipiki yangu, kichwa kimevimba.

Wiki haikuisha. Mchuuzi mmoja alifika Mbinga, akafunua matamvua ya kambale, akakuta ruba mnene amejibanza. Basi mama akawa mwongo, na mimi nikawa nimehongwa. Awali walimkwepa tu; sasa, kwa neno langu, walimwacha kabisa.

Nilirudi asubuhi bila taarifa. Nilimkuta amechuchumaa ufukweni na majivu na chumvi, akimsugua kambale mmoja mmoja, huenda angepita mnunuzi. Pembeni yake, kwenye sufuria kuukuu, ruba walikuwa wakijinyonganyonga. Nilielewa papo hapo, nikatamani kucheka na kulia kwa pamoja. Baba yangu, akisikia bwana shamba anakuja, alichuma majani yote yenye kutu kwenye mibuni ili mgeni akute shamba safi. Bwana shamba alisifu, akaondoka, na ugonjwa ukaendelea. Nimekulia ndani ya adabu hiyo, na bado haikunijia akilini.

Niliwachukua ruba wakiwa hai, kwenye maji ya ziwa, nikawatilia spiriti tone kwa tone, maana ukimtosa ruba kwenye spiriti kali anajikunja na hutambui kitu. Chini ya hadubini alikuwa bapa, mwenye vinyonyeo viwili, cha mbele kidogo. Taya hakuwa nazo. Alikuwa na mrija mwembamba wa kufyonzea. Mmoja alikuwa bado amebeba watoto chini ya tumbo, wamemganda. Jamii yake niliitambua bila shaka yoyote. Jina la aina yake niliandika kwa penseli, nikaweka alama ya kuuliza.

Kisha nikapeleka hadubini mwaloni, nikawaita wachuuzi.

"Siku ile nilikagua samaki waliokwisha kusuguliwa," nikasema. "Kosa ni langu, mama hakudanganya mtu. Ruba wapo. Wanakaa mdomoni na kwenye matamvua, hawaingii kwenye nyama. Na huyu hana taya za kumng'ata mtu."

"Leo tukuamini kwa lipi?" akauliza yule aliyemkuta ruba.

"Usiniamini. Njoo uchungulie."

Alichungulia muda mrefu, akawaita wenzake. Halafu akachukua kisu, akampasua kambale mmoja na kupekua minofu yote kwa vidole. Hakuona kitu. Akafuta kisu, akaomba kikapu kizima, na wengine wakafuata. Moyo wangu ulitulia.

Walipoondoka nilimwendea mama, nikamwomba radhi.

"Yameisha, mwanangu," alisema, akikunja majani yake ya mgomba. "Ruba hao nawabandua tangu sijaolewa. Najua yupi anaganda kwenye ngozi ya tumbo, yupi mdomoni, na msimu gani wanazidi. Siku ile ulimkagua kila samaki. Mimi hukuniuliza kitu."